Jinsi ya kusoma maisha ya Jenerali Tomás Mejía bila kupotea

Wengi wanaanza na ile picha ya mchoraji Mfaransa Manet, Maximilian, mfalme Mzungu wa Meksiko, na majenerali wake Miramón na Mejía wanapigwa risasi, alafu ndo wanarudi nyuma. Usianzie hapo, utamuona Mejía kama msindikizaji wa mfalme wa kizungu wakati alikuwa vitani miaka mingi kabla Maximilian hajakanyaga Meksiko 1864.

Anza na ramani. Tafuta Sierra Gorda, jimbo la Querétaro, ndo huko Pinal de Amoles alikozaliwa 1820, Mwotomí kabisa, yaani mtu wa kabila la wenyeji wa Meksiko. Ni milima na makorongo matupu, akizidiwa kule chini anapanda kwa watu wake, anajipanga, anashuka tena, na jeshi la serikali likimfuata linateseka.

Kisha andika 1856, Sheria ya Lerdo, iliyolazimisha ardhi za taasisi ziuzwe. Waliberali waliilenga mali ya kanisa lakini sheria hiyohiyo ikagusa na ardhi za pamoja za vijiji vya wenyeji, sasa mtu akikuuliza inakuwaje mwenyeji asimame na wahafidhina, mwonyeshe hapo, na uongeze imani yake maana Mejía alikuwa Mkatoliki kwelikweli. Ila usigeuze iwe vita ya wenyeji na wazungu, Juárez, rais na kiongozi wa waliberali, upande wa pili, naye mwenyeji, Mzapoteki wa Oaxaca.

Vita vya waliberali na wahafidhina vya 1858 hadi 1860 pitia harakaharaka, alafu Matamoros, mji wa bandari mpakani na Marekani alioushikilia mpaka Juni 1866.

Querétaro 1867, mji ambako Mejía na Maximilian walizingirwa na jeshi la Juárez, ndo utulie. Escobedo, jenerali aliyeuteka mji Mei 15, aliwahi kuwa mateka wa Mejía na Mejía akakataa kumuua. Inasimuliwa sana kwamba Escobedo alitaka kulipa fadhila amtoroshe, jamaa akagoma kuwaacha wenzake, na Juni 19 akauawa nao pale Cerro de las Campanas. Mimi kwa hilo namheshimu sana, lakini ukurasa huohuo andika pia amri ya Maximilian ya Oktoba 1865 ya kuwaua warepublika, yaani watu wa Juárez, wanaokamatwa na silaha, maana huo ndo utawala alioupigania, usimfiche.

Ukimaliza nenda kwa Manuel Lozada, kiongozi wa waasi wa vijiji wa Nayarit, aliyeuawa 1873, yeye suala la ardhi za vijiji aliliweka wazi zaidi ya Mejía, na ukiwasoma wote wawili kwa pamoja utaona mengi.