Kukausha Sampuli za Mikoko kwa Zoezi la Hebaria Ukiwa Dar es Salaam

Hivi karibuni mpwa wangu, ambaye anasomea shahada ya kwanza ya sayansi ya mimea, alinijia na furushi la majani yaliyoota ukungu akitaka kujua alikosea wapi. Hakuwa amekosea kuliko nilivyokosea mimi nilipokuwa mwaka wa pili, nilipotupa sampuli 9 kati ya 12 siku tatu tu kabla ya kuzikabidhi. Mwongozo huu wa kuandaa sampuli za hebaria, yaani mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ili ihifadhiwe, una hatua nne, na ya tatu ndiyo iliyotugharimu sote wawili.

Hatua ya kwanza ni kukusanya. Hakikisha una kibali, kwa kuwa mikoko ya pwani yetu ni msitu wa hifadhi, kisha nenda Kunduchi au Mbweni maji yakiwa yamekupwa. Kata tawi la sentimita 30 hivi lenye majani pamoja na maua au matunda. Andika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hutawanyika daftari likilowa, na uandike hasa yale ambayo karatasi haitayaonyesha: rangi ya ua, mahali mti uliposimama, na umbo la mizizi, iwe ile ya mkoko (Rhizophora mucronata) iliyojitegemeza kama miguu, au ya mchu (Avicennia marina) inayochomoza topeni kama penseli. Kila sampuli ipewe namba yake papo hapo.

Hatua ya pili ni kubana sampuli zikiwa ndani ya magazeti. Vipande viwili vya plaiwudi vya sentimita 30 kwa 45 na mipira ya tairi la pikipiki vinatosha kuwa kibanio. Wanaolundika vitabu juu ya majani siwaelewi, kwani vitabu hubana bila kupitisha hewa. Geuza angalau jani moja ili upande wa chini uonekane, maana weupe wa chini ya jani la mchu ni alama ya kuutambulisha.

Hatua ya tatu ni kukausha, na hapa ndipo Dar es Salaam inapokuwa mwalimu mkali. Miongozo mingi inakuelekeza kubadilisha magazeti kila siku, lakini katika hewa yetu yenye unyevu, hasa wakati wa masika, mara moja kwa siku haitoshi. Kwa siku tatu za mwanzo badilisha asubuhi na jioni, na magazeti utakayoweka yawe makavu kwelikweli, si yale uliyoyatoa jana na kuyaacha mezani, ambayo yameshavuta unyevu upya. Usitumie kurasa zinazong'aa, kwa kuwa hazinyonyi maji.

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba kinachokausha ni joto, ilhali kinachokausha ni hewa inayopita na kuondoka na unyevu. Nilikuwa nimefunga kibanio changu kwa mfuko wa plastiki na kukiacha juani, nikawa nachemsha majani badala ya kuyakausha. Sasa ninaweka kati ya kila sampuli mbili kipande cha katoni yenye mawimbi ndani, ninasimamisha kibanio kwa ubavu, kisha ninaelekeza feni kwenye matundu ya katoni hizo usiku kucha. Umeme ukikatika, badilisha magazeti mara nyingi zaidi. Oveni ya jikoni sikushauri hata kidogo, kwani majani huwa meusi na kuvunjika.

Mimea yenye majani manene na majimaji huendelea kuishi ndani ya gazeti kwa siku nyingi, na mingine hupukutisha majani yote. Ichovye kwanza katika maji yanayochemka kwa sekunde chache, kisha uifute. Tunda la mlilana (Sonneratia alba) likate vipande, na mche mrefu unaoning'inia kwenye mkoko ukauke peke yake katika bahasha yenye namba ileile ya tawi. Kabla ya kuamini kwamba sampuli imekauka, iguse kwa shavu: ikihisi baridi, bado ina maji, hata kama inaonekana kavu. Mpwa wangu aliruka kipimo hiki.

Hatua ya nne ni kubandika kwenye karatasi ngumu kwa gundi nyeupe ya maji, kamwe si kwa selotepu, ambayo hugeuka manjano na kubanduka. Lebo ikae pembe ya chini kulia, ikiwa na jina la kisayansi, familia, mahali, tarehe, jina lako na namba ya sampuli. Ukimaliza, funga karatasi hizo katika mfuko usiopitisha hewa na uziweke kwenye friza kwa wiki nzima ili wadudu na mayai yao wafe. Ukizitoa, usifungue mfuko hadi zirudi kwenye joto la chumba, la sivyo mvuke utatua juu ya majani na utalazimika kuanza kukausha upya.