Mifupa hupenda kubebeshwa uzito

Ukishavuka miaka 50, usitegemee maziwa peke yake kulinda mifupa. Mfupa huimarika unapobebeshwa uzito, ndiyo maana kutembea kwa haraka na kupanda ngazi huusaidia kuliko kuogelea. Anza na hili: keti kitini, kunja mikono kifuani, simama bila kujishika popote, kisha keti tena polepole. Rudia mara 10. Mapaja yakipata nguvu huanguki ovyo, na nyonga nyingi za wazee huvunjika kwa kuanguka. Kina mama waliokoma hedhi wawe makini zaidi, maana miaka ile ya mwanzo mifupa hudhoofika haraka. Na kama unameza prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo huweza kudhoofisha mifupa) kwa miezi mingi, tafadhali muulize daktari kuhusu kupima mifupa. Usiiache dawa ghafla.