Somo: Kupima mikondo ya pwani ukiwa chomboni

Chombo kikienda noti 10 kinakata karibu mita 5 kila sekunde. Mkondo unaoutafuta huenda ni sentimita 20 au 30 tu kwa sekunde. Kifaa kilichofungwa chini ya chombo hakiwezi kuvitenganisha viwili hivyo. Kinachoona ni maji yanayopita kwa mita 5 na ushei. Basi kazi hii, ukiitazama vizuri, ni hesabu ya kutoa: toa mwendo wa chombo, toa maji kujaa na kupwa, kinachobaki ndicho mkondo. Wengi huhangaikia kifaa, na wakifika kwenye kutoa wanaparamia.

Kifaa ninachokizungumzia ni ADCP. Kinarusha mlio majini kwa miale minne iliyoinama, mlio unagonga chembe na viumbe vidogo vinavyoelea, mwangwi unarudi. Kama chembe zinakisogelea kifaa, mwangwi hurudi mwembamba zaidi. Zikienda mbali, hurudi mzito, kama king'ora cha gari kinavyobadilika kikishakupita. Tunachukulia kwamba chembe zinakwenda na maji.

Hatua ya 1: Chora mstari

Mstari wa kupimia ukate mkondo, usiufuate. Pwani mikondo mingi huambaa na ufuo, kwa hiyo anza karibu na nchi kavu uelekee kina kirefu. Usiwe na tamaa ya urefu. Mstari wa kilomita 60 kwa noti 8 unakuchukua saa nne, na ndani ya saa nne maji yaliyokuwa yakijaa ulipoanza yanaweza kuwa yanakaribia kugeuka unapomaliza. Utadhani umeona tofauti ya mahali, kumbe umeona tofauti ya saa. Mstari wa kilomita 10 unaoumaliza kwa dakika arobaini ni mali zaidi.

Hatua ya 2: Rudia mstari huohuo kwa saa 25

Hapa ndipo ningetumia mafuta yangu yote. Wimbi kuu la maji kujaa na kupwa lina kipindi cha saa 12 na dakika 25. Saa 25 zinakupa mizunguko miwili kamili ya wimbi hilo, na takriban mmoja wa yale ya siku nzima. Pita mstari huohuo, kwenda na kurudi, mchana na usiku. Nahodha atakuuliza kama umepoteza kitu huko. Mjibu kwa upole.

Andika pia kama ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Siku moja haikuonyeshi mzunguko wa bamvua, ambao ni karibu siku 15, kwa hiyo matokeo yako ni ya siku hiyo, si ya mwezi.

Hatua ya 3: Panga kifaa

Mlio wa masafa ya juu, yaani wenye mitetemo mingi kwa sekunde, haufiki mbali lakini huona kwa undani. Kilohezi 300 hufika mita mia moja hivi, kilohezi 75 hufika mita mia tano na zaidi. Kwa maji ya pwani, 300 inatosha mara nyingi.

Kuna sehemu mbili usizoziona. Ya kwanza ni juu: kifaa kiko mita kadhaa chini ya uso, kisha kinahitaji kutulia baada ya kurusha mlio. Ya pili ni karibu na sakafu ya bahari. Miale ikiinama digrii 20, asilimia 6 ya mwisho ya kina huchafuliwa na mwangwi unaotoka sakafuni moja kwa moja. Chini ya kifaa kukiwa na mita 50 za maji, futa mita 3 za mwisho bila huruma.

Hatua ya 4: Nyoosha dira

Kosa la digrii 1 tu katika uelekeo wa chombo, kwa noti 10, linazaa mkondo wa uongo wa sentimita 9 kwa sekunde, ukikata njia yako. Hiyo ni theluthi ya mkondo mzima! Niliwahi kuchora duara zuri la maji yanayozunguka, nikalionyesha watu kwa fahari, kumbe lilikuwa dira iliyopinda digrii mbili na ushei.

Dawa yake: mahali ambapo mlio unafika sakafuni, kifaa hupima mwendo wa chombo dhidi ya sakafu. Linganisha njia hiyo na ya GPS kwenye mwendo ulionyooka. Pembe iliyo kati yake ndiyo kosa lako. Zungusha data zote kwa kiasi hicho. Kisha jaribu kwa macho: ukienda na kurudi, je, mkondo unalalia upande uleule wa chombo? Kama ndiyo, dira bado imepinda: mkondo wa kweli haujui omo, mbele ya chombo, imeelekea wapi.

Hatua ya 5: Simama upime maji yenyewe

Kila baada ya kilomita chache shusha CTD. Inapima halijoto, shinikizo linalokupa kina, na jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambako unapata chumvi. Vyote vitatu vinakupa uzito wa maji, na tofauti ya uzito kati ya vituo inaeleza kwa nini mkondo wa juu unaupita wa chini. Hesabu hiyo hutegemea kuzunguka kwa dunia, kwa hiyo karibu na ikweta haikubaliki, na kwenye maji mafupi msuguano wa sakafu unaiharibu.

Hatua ya 6: Toa

Mlio mmoja una kelele nyingi. Wastani wa milio 100 hupunguza kelele mara kumi. Lakini wastani wa dakika tano kwa mita 5 kwa sekunde ni kilomita moja na nusu ya bahari, basi chagua unachokipoteza. Baadaye, kwa kila kipande cha mstari na kila kina, tafuta wastani pamoja na wimbi la saa 12 na dakika 25 na la siku nzima vinavyoshabihi vipimo kwa karibu zaidi. Ondoa mawimbi hayo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Kwa nini nisichukue tu wastani wa mapito yote?*

Marahaba. Ungeweza, kama mapito yangegawanyika sawasawa katika mzunguko. Hayagawanyiki. Mwisho wa mstari unaupita mara mbili kwa karibu, halafu unakaa zaidi ya saa nzima bila kurudi. Wastani wa hivyo hubeba maji kujaa ndani yake.

*Kaka, kipimo changu cha kwanza chini ya chombo kinaonyesha maji yanakwenda na chombo. Inawezekana?*

Kifaa kinasikia mlio wake wenyewe kabla haujafifia, au mapovu yaliyokwama chini ya chombo. Ongeza nafasi ya kutulia, punguza mwendo mawimbi yakiwa makubwa, ukishindwa tupa kipimo hicho.

*Napima mdomoni mwa mto, mchanga unatembea. Sakafu bado ni ya kuaminika?*

Hapana. Mchanga ukienda na maji, chombo kitaonekana kinapanda mto, na mkondo utaupata mdogo kuliko ulivyo. Tia nanga uangalie: kama kifaa kinasema unasafiri, tumia GPS badala ya sakafu.

*Sisi wenye boti ndogo bila ADCP tufanyeje? Tuzime injini tuelee?*

Ukizima injini, utapima upepo. Tengeneza boya dogo lisilotokeza sana juu ya maji, ulining'inizie tanga la kitambaa mita chache chini, uweke GPS ndani ya mfuko usioingiza maji. Achilia kadhaa kwa pamoja, zifuate kwa saa kadhaa, uandike saa ya kujaa na ya kupwa. Na uyaokote yote kabla ya giza.