Kusoma utenzi wa khati ya Kiarabu: msaada kwa kundi dogo la Tanga

Tanga na Pangani hakukosekani mtu aliyepita chuo cha Kurani akazijua alifu na be vizuri. Mpe utenzi wa Kiswahili wa mababu, wa khati hiyo hiyo, uliofungiwa sandukuni, atakwama ubeti wa kwanza. Macho hayana kosa. Herufi 28 za Kiarabu hazina p, v, ch wala g, na irabu zake fupi ni tatu tu. Waandishi wa zamani waliitumia ba kwa b, p na mb. Fa kwa f na v. Dali kwa d na nd. Ghaini kwa g na ng. Shini kwa sh na mara nyingi ch. Fat-ha ni a, kasra ni i au e, dhumma ni u au o. Kwa hiyo ba mbili zenye fat-ha zaweza kuwa baba, papa, pamba au bamba. Waliozoea msahafu husoma "baba" kila mara, maana ndivyo ulimi ulivyofundishwa.

Kabla ya kusoma, piga picha. Osha mikono uikaushe kabisa. Wino wa masizi na gundi huyeyuka kwa maji, kwa hiyo kitambaa kibichi kisiguse karatasi. Weka daftari karibu na dirisha pasipopigwa na jua, simu iwe juu yake sawasawa, rula pembeni, na kila ukurasa upewe namba, hata mtupu. Karatasi iliyochanika iacheni hivyo hivyo. Selotepu huacha gundi inayogeuka rangi, na leminesheni haitoki tena. Hati nzuri huharibiwa zaidi na wema wa namna hii kuliko na mende.

Sasa nakilini, kwa safu mbili. Ya kwanza ni herufi kwa herufi, bila kukisia: b-a-b-a. Ya pili ni usomaji wenu: pamba. Anayeruka safu ya kwanza hawezi baadaye kujua alichokiona na alichokibuni.

Kuchagua kati ya baba na pamba ndiyo kazi yenyewe, na kanuni za utenzi zitawasaidia kuliko kamusi. Ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani 8, yaani silabi 8. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, yaani mlio mmoja wa mwisho, cha nne kinabeba kina cha bahari kinachorudi hadi mwisho wa utenzi. Mara nyingi ubeti wote umeandikwa mstari mmoja, vipande vimetengwa kwa alama ndogo. Msiudhani ni nathari. Vipande viwili vikiishia na shamba na kuwamba, neno la tatu ni pamba, au bamba ikiwa maana inaitaka. Papa hana nafasi hapo.

Mizani nayo hufichua makosa. Mkihesabu 9, huenda mmeitenga mwa: mimu na wau zilizosomwa mu-wa-na ni mwana, mizani 2. Mkihesabu 7, tafuteni silabi iliyoliwa na mdudu au iliyorukwa na mnakili. Kumbukeni m ya mtu ni mizani kamili, hata ikiandikwa kwa dhumma. Alifu, ya au wau inayovuta silabi ya pili kutoka mwisho aghalabu yaonyesha mkazo tu, haiongezi mizani.

Kishawishi kikubwa cha mtu wa Mrima, pwani yetu hii, ni kusahihisha. Akiona mato, ndia, moya, nti, anaandika macho, njia, moja, nchi. Asifanye hivyo. Hicho ni Kiamu, lahaja ya Lamu, lugha ya tungo nyingi za kale, na kukibadilisha huweza kuvunja kina. Maelezo yakae pembeni.

Watu wanne wanatosha: msomaji wa khati, mjuzi wa arudhi (kanuni za mashairi), mzee mwenye maneno ya zamani, na wa kuandika. Kikao cha kwanza beti tano ni nyingi. Msimkose mzee. Florence, mji wa Italia, ilipoamua kufufua elimu ya Kigiriki, ilimwita mwalimu Manuel Chrysoloras kutoka Constantinople, akaanza kufundisha mwaka 1397: vitabu bila wa kuvifundisha ni mzigo wa rafu.

Somo jingine la wafufuaji wale wa elimu ya kale ni la Lorenzo Valla, mwanazuoni wa Italia. Mwaka 1440 alionyesha kwamba hati iliyodaiwa kuwa ya Kaisari Konstantino ilikuwa ya kughushi, kwa sababu ilikuwa na maneno ya Kilatini yasiyokuwa ya zama zake. Fanyeni vivyo hivyo. Hati inayosemwa ni ya miaka ya 1700 ikiwa na neno shule, lililotoka kwa Wajerumani, basi nakala hiyo, au angalau ubeti huo, ni wa baadaye.

Tarehe ya mwisho wa hati huwa ya Hijria. Zidisha kwa 0.97, jumlisha 622. Mwaka 1307, uliomo katika jina la utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi (Wajerumani) kuitamalaki Mrima, unatoa 1889.8; kwa kuwa mwaka huo ulianza Agosti 1889, andikeni 1889/1890. Na kama kuna nakala mbili zinazopishana, wekeni zote mbili bega kwa bega, kisha mmoja azighani kwa sauti. Sikio hulishika kosa la mizani kabla ya jicho kumaliza kuhesabu.