Mzazi ametibiwa Marekani na bima imekataa kulipa kwa sababu ya "ugonjwa wa zamani": namna ya kulipigania dai

Mama amekuja kumwona mjukuu. Wiki ya tatu akaugua, akalazwa siku nne, akatoka mzima, mkamshukuru Mungu. Miezi miwili baadaye inaingia barua ya kampuni ya bima: dai limekataliwa, ugonjwa ulikuwepo kabla bima haijaanza. Nyuma yake inafuata bili ya hospitali ambayo ukiibadilisha kuwa shilingi ingejenga nyumba nzima.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hospitalini, na familia nyingi za Watanzania, Wakenya na Wakongomani zimeniletea barua hizo. Madai niliyoyaona yakigeuzwa hayakugeuzwa kwa kubembeleza. Yaligeuzwa na faili la hospitali lililosomwa upya mstari kwa mstari, na zaidi ya mara moja kosa lilikuwa Kiswahili chetu kilichotafsiriwa vibaya usiku wa dharura. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye faili.

Hatua ya 1: Usilipe na usisaini chochote kwanza

Bili iko kwa jina la mgonjwa. Wewe mtoto uliyemwalika kwa kawaida hudaiwi kwa sababu tu ni mtoto wake, ila ukisaini fomu ya mdhamini wa malipo umeingia mwenyewe. Wapo waliotoa kadi ya benki wakalipa "kidogo cha kuanzia" kwa aibu ya kuonekana wadaiwa. Aibu hiyo iweke kando kwa sasa.

Piga simu ofisi ya bili ya hospitali. Waambie dai liko kwenye rufaa, waombe akaunti isimamishwe, na waombe jibu kwa maandishi. Omba pia bili yenye mchanganuo, ile inayoonyesha kila kipimo na kila dawa. Bili ya jumla haikusaidii kitu.

Hatua ya 2: Soma barua huku mkataba uko mezani

Mkataba ninaousema ni ule wa kurasa thelathini au arobaini uliokuja kwa barua pepe siku uliponunua. Tangazo la kwenye tovuti siyo mkataba. Tafuta sehemu ya tafsiri za maneno, uone wanavyoueleza ugonjwa wa zamani. Angalia mambo matatu.

La kwanza ni muda wanaorudi nyuma. Bima ya kufidia safari iliyoahirishwa mara nyingi huangalia siku 60 hadi 180 kabla ya kuinunua. Bima ya matibabu ya wageni huenda mbali zaidi, miaka kadhaa, na nyingine hazina kikomo kabisa.

La pili ni kama wanahesabu ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe hakuujua. Mikataba mingi inahesabu. Mzee anaweza kuwa hajawahi kupimwa sukari maisha yake yote na bado kifungu kikamshika, kwa sababu dalili zilikuwepo. Kulia kwamba "hatukujua" hakutoshi kama mkataba umeandikwa hivyo.

La tatu ni kama kuna kifungu kinacholipa ugonjwa wa zamani unapoibuka ghafla, bila dalili za kutangulia. Bima nyingi za wageni wanaokuja Marekani zinacho. Kwa kawaida kina masharti makali: mgonjwa awe hajavuka umri fulani, na awe amefika kwa daktari ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Likumbuke hilo la saa 24, tutalirudia.

Barua ya kukataa lazima itaje kifungu. Isipotaja, waandikie watume kifungu, faili lote la dai, na waseme kama daktari alilipitia au ni karani tu. Tazama pia mwisho wa siku za kukata rufaa, uziandike kwenye kalenda leo hii.

Hatua ya 3: Vuta faili la hospitali

Sheria ya HIPAA, ile ya Marekani inayolinda taarifa za afya za mgonjwa, inampa mgonjwa haki ya kupata kumbukumbu zake za matibabu, na hospitali inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Anayesaini ombi ni mgonjwa, siyo wewe. Kama mama amesharudi Tanga, mtumie fomu, asaini, aipige picha vizuri, airudishe. Hapo hapo asaini na karatasi ya kukuruhusu wewe kuongea na kampuni ya bima kwa niaba yake. Bila hiyo watakukatia simu.

Usikubali kupewa muhtasari wa siku ya kuruhusiwa peke yake. Unataka maelezo ya muuguzi wa mapokezi ya dharura, ripoti ya gari la wagonjwa, maelezo ya daktari wa kwanza, majibu ya maabara, na orodha ya alama za magonjwa zilizopelekwa bima. Alama hizo ndizo kompyuta ya bima inazosoma: I10 ni presha, E11 ni kisukari cha aina ya pili, J18.9 ni nimonia, R07.9 ni maumivu ya kifua. Iliyoandikwa ya kwanza ndiyo inayochukuliwa kuwa sababu ya kulazwa.

Hatua ya 4: Lisome kama mtu anayejua Kiswahili

Hapa chukua siku mbili. Chukua wiki ikibidi.

Mama mmoja alilazwa kwa nimonia. Bima ikakataa, ikasema ana ugonjwa wa moyo wa muda mrefu. Moyo umetoka wapi? Kwenye karatasi ya muuguzi palikuwa na mstari mmoja: maumivu ya kifua, miezi kadhaa. Nilimpigia mama simu Tanzania.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, kule hospitali ulisema kifua kinauma?"

"Kuuma? Nani kasema kinauma? Nilisema kifua kinanisumbua. Nilikuwa nakohoa, na kule kwetu wakati wa vumbi huwa nakohoa."

Aliyekuwa akitafsiri usiku ule ni mjukuu wa miaka kumi na mbili, aliyezaliwa Marekani. Yeye kwake kifua ni kile kilicho mbele ya mwili, basi. Kwamba mtu "akiwa na kifua" anakohoa, hakulijua. Neno moja likawa alama ya maumivu ya kifua, alama ikaamsha swali la moyo, na swali la moyo likamkuta mama anayekunywa kidonge cha presha. Dai likaanguka.

Kisa cha pili ni cha mzee aliyepata kiharusi. Alikuwa na presha kweli, hilo halikufichwa, na bima yake ilikuwa na kile kifungu cha kuibuka ghafla. Dalili zilianza saa tatu asubuhi, mdomo ukaanza kwenda upande. Familia ikaogopa gharama, ikasubiri, ikamfikisha hospitali saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake. Walikosea kusubiri, na nawaomba msisubiri: kiharusi ni dakika, na sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inaitaka hospitali yenye chumba cha dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa hata kama hana senti. Lakini tuhesabu. Kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili asubuhi inayofuata ni saa 21. Kwenye faili palikuwa na 3:00, usiku wa manane. Aliyetafsiri alibeba "saa tatu" kama ilivyo, bila kuihamisha kuwa saa 9:00 ya Kizungu. Kwa saa ya faili, mzee alichelewa saa 27, na kifungu kikamfungia mlango.

Kwa hiyo unaposoma, simama kwenye kila neno la aina hii. "Juzi" mara nyingine ni siku mbili zilizopita, mara nyingine ni hivi karibuni tu. "Presha ilinipanda" husemwa na mtu aliyeshtuka kwa habari mbaya, na muuguzi akaandika ugonjwa. "Tangu zamani" inaweza kuwa mwezi. "Ana sukari" huweza kuwa dhana ya jirani, hakuna aliyempima. Kila palipo na tarehe au saa, mpigie mgonjwa umuulize upya, bila kumpa jibu mdomoni.

Ila uwe mkweli na unachokikuta. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu. Mgeni aliyetua wiki tatu zilizopita akiwa na kiwango cha juu, hapo hakuna tafsiri ya kurekebisha: sukari alikuja nayo. Swali linalobaki ni kama sukari ndiyo iliyomlaza.

Hatua ya 5: Omba faili lirekebishwe

Sheria ileile ya HIPAA inampa mgonjwa haki ya kuomba marekebisho. Hospitali ina siku 60 za kujibu. Usiombe wafute, hawafuti. Omba waongeze maelezo: kwamba historia ilichukuliwa kupitia mtoto, bila mkalimani wa hospitali, na kwamba mgonjwa anaeleza kikohozi na siyo maumivu. Ambatisha barua ya mkalimani mwenye cheti anayeeleza maana ya neno, au namna saa ya Kiswahili inavyohesabiwa kuanzia kuchwa na kucha kwa jua. Mmarekani hajawahi kusikia jambo hilo, mwandikie taratibu kwa mifano. Wakikataa, una haki ya kuweka maandishi yako ya kupinga, nayo huunganishwa na faili.

Taja pia kwamba hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bure. Kama hawakumpa, kosa siyo la mjukuu.

Hatua ya 6: Barua ya daktari

Familia huomba barua ya kumsaidia mama, daktari anaandika kwamba ni mgonjwa mzuri na anastahili huruma. Haifanyi kazi. Mpelekee maswali yaliyotolewa kwenye maneno ya mkataba: Sababu ya kulazwa ni ipi? Je, presha ndiyo iliyosababisha nimonia hii? Kabla ya tarehe ya bima kuanza, kuna kitu chochote kwenye vipimo kinachoonyesha maambukizi haya yalikuwepo? Dalili zilianza lini na saa ngapi? Mama kuwa na presha ni jambo moja, kulazwa kwa sababu ya presha ni jingine, na daktari ndiye anayeweza kulitenganisha kwa sahihi yake.

Bima ikitaka kumbukumbu za nyumbani, peleka daftari la kliniki lilivyo, na risiti za duka la dawa kama zipo. Usimtafute daktari wa kuandika kwamba mama hajawahi kuwa na presha. Huo ni udanganyifu, na ukigundulika unaliua hata dai lililokuwa la haki.

Hatua ya 7: Andika rufaa

Kurasa mbili zinatosha. Anza na namba ya dai na kifungu walichokitumia, kinukuu neno kwa neno. Kisha onyesha ukweli haukiingii kifungu hicho, ukitaja ukurasa wa faili kwa kila jambo. Ambatisha marekebisho, barua ya daktari, barua ya mkalimani. Omba ipitiwe na daktari mwingine, siyo yule wa kwanza. Tuma kwa njia inayokupa uthibitisho wa kupokelewa.

Hatua ya 8: Wakikataa tena

Tazama kwenye mkataba ni kampuni gani hasa inayobeba bima. Tovuti uliyonunulia mara nyingi ni muuzaji tu. Kama kampuni ina leseni Marekani, peleka malalamiko kwa idara ya bima ya jimbo husika, kila jimbo linayo. Kama bima ilinunuliwa Tanzania, wapo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Pelekeni karatasi zilezile, hakuna haja ya kuandika upya.

Hatua ya 9: Huku rufaa inakwenda, omba msamaha wa bili

Usingoje rufaa ishindwe. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, na lazima zipokee maombi kwa siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kuruhusiwa. Ndani ya siku 120 za mwanzo haziruhusiwi kuchukua hatua kali za kukudai, kama kushtaki. Nyingine hutaka mgonjwa awe mkazi wa eneo lile, nyingine hazijali, kwa hiyo uliza na utake kuona utaratibu wenyewe. Kipato kinachojazwa ni cha mgonjwa na kaya yake. Mama anayeishi kwa shamba na pesa mnazomtumia aandike hivyo hivyo.

Yule mama wa nimonia alilipiwa baada ya karatasi ya muuguzi kuongezewa maelezo. Mzee wa kiharusi alilipiwa kiasi, kwa kuwa kifungu chenyewe kilikuwa na kikomo, na iliyobaki familia iliipeleka kwenye msaada wa hospitali, ikapunguzwa hadi kiasi walichoweza kulipa kwa awamu. Ukipigiwa simu na mkusanya madeni wakati mambo haya bado yanaendelea, usimthibitishie deni kwenye simu. Mwambie atume maelezo kwa maandishi, na tangu uyapokee una siku 30 za kulipinga deni hilo kwa barua.