Kusafisha boksi la cheni la Bobcat ya zamani

Mwenye Bobcat, mashine ndogo ya magurudumu manne yenye ndoo mbele, akiniambia, "Fundi, oili ya cheni naongeza kila mwezi," huwa naomba kufungua boksi la cheni kabla ya kugusa kitu kingine. Mwaka jana niliifungua moja iliyokuwa inazoa samadi bandani. Chini kulikuwa na tope la kahawia, zito kama ugali wa moto, kina cha vidole vinne, na ndani yake rola mbili za cheni zilizokatika. Oili mpya ilikuwa inaelea juu ya uchafu wa miaka.

Kwenye mashine hizi magurudumu hayakati kona. Upande mmoja ukizunguka kuliko mwingine, mashine inajiburuta kugeuka, na mvuto wote huo unabebwa na cheni zinazotoka kwenye mota ya haidroliki (inayozungushwa na oili yenye presha) kwenda ekseli ya mbele na ya nyuma. Zinaogelea kwenye oili. Adui yao mkubwa ni maji, yanayopenya kwenye sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) za ekseli zilizochoka mashine inapopita kwenye madimbwi au inapooshwa kwa presha.

1. Pasha oili moto, kisha nyanyua. Endesha robo saa ili tope lichanganyike na oili. Osha nje, hasa kuzunguka mifuniko. Shusha mikono ya ndoo hadi chini. Kama ni lazima ibaki juu, weka kizuizi chake cha chuma. Pandisha mashine kwenye stendi imara, magurudumu yote manne yawe hewani, kisha chomoa waya wa betri. Usiingie chini ya mashine iliyoshikwa na jeki peke yake.

2. Mwaga oili huku ukiiangalia. Mashine nyingine zina boksi moja la pamoja, nyingine zina la kulia na la kushoto, kila moja na nati yake ya kumwagia oili. Kama hukuipasha moto kwanza na imelala usiku kucha bila kuwashwa, maji yatatangulia kutoka kwa kuwa ni mazito kuliko oili. Oili iliyochapwa na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Ikigoma kutoka, tope limeziba tundu: chokoa kwa waya. Pitisha sumaku kwenye beseni. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida; vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni beringi, rola au meno ya sproketi (gia inayovuta cheni). Oili chafu iweke kwenye dumu, usiimwage chini.

3. Fungua mifuniko, zoa. Hapa ndipo wengi wanapokatisha kazi: wanamwaga, wanajaza, wanaondoka. Tope halitoki lote kwa nati. Lizoe kwa kikwanguo na mkono wenye glavu, hasa kwenye kona, kisha suuza kwa dizeli na brashi, mwaga, rudia hadi dizeli itoke safi. Petroli usitumie kabisa. Mvuke wake ukijaa ndani ya boksi, cheche moja inatosha. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

4. Kagua cheni. Tazama kuta za boksi. Mikwaruzo inayong'aa maana yake cheni imelegea na inapiga chuma. Meno ya sproketi yaliyopinda kama ndoano hayafai tena. Halafu pima: cheni ambayo pini hadi pini ni milimita 25.4, nafasi 12 zikiwa mpya ni milimita 304.8. Zikifika 314 imevutika asilimia 3, ibadilishe. Kabla ya kufika huko, baadhi ya mashine hukazwa kwa kusogeza nyumba ya ekseli. Nyingine hazina marekebisho kabisa, dawa ni cheni mpya. Mimi hubadilisha cheni mbili za upande mmoja kwa pamoja, ili mpya isibebe kazi ya iliyochoka.

5. Ekseli na sili. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, beringi kwanza, sili baadaye. Sili mpya juu ya beringi iliyolegea haidumu. Safisha pia kipumulio, yaani tundu la kutolea hewa la boksi. Kikiziba, joto linajenga presha ndani na kusukuma oili nje kupitia sili.

6. Funga na ujaze. Badilisha gasketi, jaza oili iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine yako hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kipimo. Kuna wanaoweka grisi eti isivuje. Grisi inarushwa ukutani na kubaki huko, cheni inazunguka kavu. Tafadhali usifanye hivyo.

Baada ya wiki ya kazi, fungua tena tundu la kipimo. Oili ikiwa imepungua, tafuta uvujaji kwenye ekseli. Ikiwa imezidi na oili ya haidroliki imepungua, sili ya mota ndiyo inayomwagia ndani ya boksi, na hapo mota ishushwe.