Kabla hujamwita mtu achore jengo jipya la chuo

Mimi ni mbunifu majengo hapa Dar es Salaam, na sehemu ya kazi ninayoipenda zaidi ni kukaa na kamati za majengo za vyuo kabla mstari wa kwanza haujachorwa. Nawasihi jambo lilelile kila mara: msianze na paneli za sola. Jengo linalotunza mazingira huamuliwa na namna lilivyolala kwenye kiwanja na namna hewa inavyopita ndani yake. Umeme wa jua unakuja baadaye, kubeba mzigo uliobaki.

Anza na ratiba ya masomo. Mtume mtu azungukie vyumba vyote mlivyonavyo asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima ya muhula, aandike vilivyo na watu na vilivyo tupu. Aghalabu kumbi hufurika Jumatatu asubuhi, Ijumaa mchana zimefungwa kufuli. Darasa mnalolipata kwa kupanga ratiba upya halihitaji saruji hata mfuko mmoja, na uzalishaji wa saruji duniani huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu.

Kama bado mnahitaji kujenga, nenda kiwanjani. Simika mlingoti mrefu, funga kitambaa chepesi juu yake, uangalie kinapepea kuelekea wapi kwa saa tofauti. Pwani yetu ina kusi, kinachovuma katikati ya mwaka kutoka upande wa kusini-mashariki, na kaskazi, kinachokuja toka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Lakini jengo la jirani au mstari wa miti unaweza kuugeuza upepo kabisa, ndiyo maana ramani peke yake haitoshi.

Laza jengo kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Kuta fupi za mashariki na magharibi zibebe ngazi, vyoo na stoo, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri huja chini, likapenya chini ya kivuli chochote. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini, nyuzi kama 60 kutoka upeo wa macho. Desemba huhamia kusini, nyuzi kama 73. Kwa hesabu hiyo, dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5 linataka kivuli (kibao cha kukinga jua juu ya dirisha) kinachotokeza karibu sentimita 90, na la kusini karibu sentimita 45. Vipimo hivyo ni vya saa sita mchana tu. Kwa saa nyingine ongeza luva za wima pembeni, yaani vibao vya kusimama vya kukinga jua.

Sasa upana, na hapa ndipo panapohitaji msimamo. Mtaletewa mchoro wenye ushoroba katikati na vyumba pande zote mbili. Mkadiriaji majenzi atasema ni nafuu, na kwa gharama za ujenzi anasema kweli, maana ushoroba mmoja unahudumia safu mbili. Ila kila chumba kinabaki na ukuta mmoja tu wenye madirisha, hewa inaingia na haina pa kutokea. Mwombeni aweke kando ya gharama hizo bili ya umeme wa viyoyozi kwa miaka 20, halafu ndipo mlinganishe. Mimi nashikilia veranda ya wazi upande mmoja, darasa la upana wa mita 8 au 9, madirisha kuta zote mbili, dari ya juu na feni. Kuna ukumbi wa chuo ninaoingia mara kwa mara wenye vioo visivyofunguka upande wa magharibi. Saa tisa alasiri mapazia yameshushwa, taa zote zinawaka huku nje jua ni kali, na umeme ukikatika mhadhara unahamia chini ya mwembe.

Msinakili tu. Jengo la maktaba la Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi, hupoozwa kwa hewa inayopitishwa kwenye mawe yaliyowekwa chini yake. Ni kazi nzuri sana, ila Nairobi usiku kuna baridi ya kuyapoza mawe hayo. Usiku wa Dar mwezi Februari hauna baridi hiyo.

Maji yapigiwe hesabu mapema. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 1,000, kwa mvua ya Dar ya milimita kama 1,100 kwa mwaka, ukitoa hasara ya asilimia 20, linavuna lita 880,000. Lakini nyingi huja wakati wa masika. Wanafunzi 500 wakivuta maji ya choo mara mbili kwa siku, lita 4.5 kila mara, wanatumia lita 4,500. Tangi la lita 100,000 litawafikisha siku 22. Kwa hiyo pangeni mvua isaidie vyoo, na kiangazi mtegemee bomba au kisima.

Yote haya yaandikwe kwenye hadidu za rejea (maelekezo ya kazi) za mshauri atakayechora, kwa vipimo. Maneno kama "jengo liwe rafiki kwa mazingira" hayamfungi mtu. Tathmini ya athari kwa mazingira, inayosimamiwa na baraza la taifa la mazingira, NEMC, ianze eneo likiwa bado linaweza kubadilishwa, isisubiri michoro ikamilike.

Mwisho, tengeni fungu la matunzo kwenye bajeti hiyohiyo. Dai mita ya umeme na ya maji kwa kila ghorofa, zisomwe kila mwezi tangu kipindi cha uangalizi wa kasoro, mkandarasi angali anawajibika. Na fundi wa chuo awe na ngazi na njia salama ya kufika kwenye mifereji ya paa, aisafishe Februari kabla masika haijaanza.